Paka Aliyeikimbia Fimbo ya Marehemu

Jumamosi, tarehe kumi na saba Januari, saa tatu asubuhi, nilikuwa barazani kwetu, katika komini ya Kisangani, mojawapo ya wilaya za mji wa Kisangani, Kongo, nikisahihisha makaratasi ya mtihani ya wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Nilikuwa nimefika kwenye swali linalowahusu wanyama: kwa nini mbwa anayelishwa kila mara baada ya kengele huishia kudondokwa na mate kwa kengele peke yake, hata chakula kisipoletwa. Wengi waliandika kwamba mbwa huyo ni mwerevu. Kalamu nyekundu mkononi, nikawa narudia jibu lile lile pembeni ya kila karatasi: si suala la werevu; mwili wake umejifunza kwamba kitu hiki hufuatwa na kile.

Ndani ya nyumba, papa, baba yangu, alikuwa anaichukua fimbo kutoka kwenye msumari kwa mara ya kwanza.

Fimbo hiyo ilikuwa ya kaka yake, papa mkubwa wetu, aliyefariki mwaka jana. Kwa kuwa uwanja wetu ndio mpana kuliko yote ya ukoo, matanga yalifanyika hapa, na siku ya arobaini vitu vyake vikagawanywa hapa. Kanzu zilipata wenyewe, saa ikapata mwenyewe, na fimbo akapewa papa. Mjane wa marehemu, mama mkubwa, alimkabidhi kwa mikono miwili akisema, "Hii itembee. Fimbo ya mutu haitundikwe." Kisha akaenda Ubundu kuishi kwa binti yake. Wakati huo papa alikuwa bado na miguu yake mizima, kwa hiyo, licha ya maneno yale, fimbo ilitundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Ni ya mti mweusi, nzito, na mwisho wake umevishwa chuma ambacho hulia kikigusa saruji.

Desemba goti la papa lilivimba. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia maneno machache yaliyo wazi: atembee kila siku na ategemee fimbo, la sivyo mguu utakakamaa. Papa aliniambia tu, tukirudi nyumbani, kwamba Sikukuu ya Idi haiko mbali, na kwamba tangu utotoni yeye na kaka yake walikwenda kwenye sala ya Idi kwa miguu, bega kwa bega, hata mwaka ule mvua ilipogeuza njia kuwa mto. Hii ingekuwa Idi ya kwanza bila kaka. Alitaka kwenda kwa miguu. Hilo ndilo lililokuwa na maana kwake mwaka huu, na kila mtu nyumbani alilijua.

Ko, ikasema fimbo kwenye saruji ya sebuleni.

Paka wa papa alikuwa amelala mahali pake pa siku zote, juu ya kanyagio la cherehani. Papa alikuwa fundi wa nguo kwa maisha yake yote, na ingawa sasa hushona vitu vidogo tu, cherehani haijahama. Tangu mama yangu alipotutoka, paka huyu ndiye anayemngojea papa aamke, ndiye anayeketi naye mchana kutwa. Kila adhuhuri papa akilaza mkasi wake mkubwa juu ya meza, chak, paka huinuka na kunyoosha mgongo, maana kwa miaka mingi mlio huo umefuatwa na kichwa cha samaki.

Ko. Paka aliinua kichwa. Ko. Masikio yakalala. Ko ya tatu haikumkuta. Alipita kati ya nondo za dirisha, akaruka ukuta, akajibanza juu ya kibanda ambamo jirani yetu hukaushia samaki. Hakurudi hadi Jumapili baada ya sala ya magharibi.

Papa aliirudisha fimbo msumarini. Siku zilizofuata nilimwona akienda kwa kushika kuta: mkono kwenye mlango, mkono kwenye kabati, mkono kwenye cherehani. Kwenye kizingiti cha baraza aliteleza, akaishika meza ya cherehani hata vifungo vya nguo vikamwagika sakafuni.

"Papa, fimbo iko pale," nikamwambia nikiokota vifungo.

"Ninaiona."

"Sasa?"

"Sasa nini, mama? Mugeni akiingia kwa nyumba, na mutoto wa nyumba akakimbia, utafukuza nani?"

"Fimbo si mugeni. Iko ya kaka yako."

"Ndiyo maana sitaitupa," alisema. "Lakini nikiishika, nyumba inabaki tupu. Bon. Acha nishike ukuta. Ukuta hauogopeshi mutu."

Ukuta, hata hivyo, haufiki msikitini.

Nilikuwa na hakika ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa sahihi: chuma kile, chenyewe, hakikuwa na uchungu wowote kwa paka; mahali fulani, wakati fulani, mlio wake ulifuatwa na maumivu, na sasa mlio peke yake ulitosha. La pili lilikuwa kosa, nami nililibeba kwa majivuno ya mtu aliyesoma. Niliamua kwamba mwenye hatia ni jirani. Yeye ni mama wa watu wa mto, kutoka upande wa Isangi, anauza samaki wa kukaushwa, na moshi wake huvuta paka wa mtaa mzima. Nani mwingine angekuwa na sababu ya kushika kitu kigumu na kumfukuza paka? Nilimwendea, nikamuuliza kwa ustaarabu ambao haukuficha kitu.

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi? Mama mwalimu, mimi niko na paka tatu! Zinalala chini ya samaki kama walinzi. Paka yenu ikiwa na woga inakimbilia wapi? Kwangu, juu ya kibanda yangu. Mutu anakimbilia kwa mwenye kumupiga?"

Lilikuwa jibu zuri kuliko mengi niliyokuwa nimeyasahihisha juma lile. Sikumpa alama yake. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba watu hukanusha.

Jambo la kufanya, walau, nililijua, maana nimelifundisha miaka mingi. Hofu iliyofungwa na mlio inaweza kufunguliwa. Mlio uje tena na tena bila maumivu kuufuata, nayo hofu hupungua. Na kama mlio unafuatwa na kitu kitamu, hupungua upesi zaidi. Sharti ni kuanza na kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mnyama anakisikia bila kutaka kukimbia. Jirani, aliyekuwa bado anazungumza nami kwa sababu ni mtu mwema, alishauri tumfungie paka chumbani na kugonga fimbo mpaka achoke kuogopa. Nilikataa. Mnyama aliyefungiwa na anachokiogopa anaweza kujifunza jambo jingine kabisa: kwamba mlango nao ni wa kuogopwa.

Mwalimu aliyejua hayo yote alianza vibaya. Nililaza fimbo barazani, nikamwagia ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kando yake. Paka alikuja, akala. Siku ya pili akala. Siku ya tatu, kwa kiburi, nikaiinua fimbo na kugonga saruji mara moja, polepole kwa sikio langu. Kwa sikio lake haikuwa polepole. Ndakala zilibaki hapo, kuku wa jirani wakazila.

Papa alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akitazama kama mtu anayetazama mchezo wa watoto.

"Miaka yote ile nililipa shule," alisema, "kumbe nilikuwa nalipa mutu alishe kuku."

"Papa, mlio hauna nusu. Chuma kikigusa saruji kinalia."

"Kinalia kwa sababu kiko miguu chini, hakina kiatu. Lete ile fimbo hapa. Na mabaki ya vikwembe, kwa sanduku."

Alikata vipande vya vikwembe vya zamani, vile vitenge vya wanawake, akavishona kimoja juu ya kingine, tabaka saba, akaishonea fimbo kiatu. Kiatu kweli, chenye kisigino na uzi mwekundu wa kufungia. Alivaa miwani yake kwa kazi hiyo, na nikaona mikono yake ina furaha.

"Tutatoa moja moja," alisema. "Paka ikilala, tunatoa. Paka ikiinuka, tunangoja. Nguo inabana mutu, haukati yote siku moja. Unafungua mushono kidogo, anavaa, unafungua tena."

Sijawahi kusikia somo langu likielezwa vizuri zaidi.

Tukawa na saa yetu. Asubuhi, kabla sijaenda kufundisha, papa alishika fimbo yeye mwenyewe. Alikataa kabisa niishike mimi, kwa hoja kwamba paka hapaswi kupatana na fimbo mkononi mwa mtu asiyemhusu. Aligusa sakafu mara moja. Kiatu cha tabaka saba hakikutoa mlio bali pumzi tu, pu, na mara hiyo hiyo mimi nikaangusha ndakala mmoja. Pu, ndakala. Pu, ndakala. Mara kumi, basi. Siku ya tano paka alianza kumtazama papa kila fimbo iliposhuka, kisha kunitazama mimi: pu ilikuwa imeanza kumaanisha samaki. Papa akachukua mkasi, akakata uzi, akatoa tabaka la kwanza.

Yalikuwepo majuma ya kurudi nyuma. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kumpokea mwenzangu wa kazi aliyekuja kwa ndege, ndege ikachelewa, mambo yakanishika siku nne, na papa akaamua kupumzika. Tuliporudi kazini, kiatu kikiwa kimebaki na tabaka nne, paka aliyekuwa amezoea akaruka kana kwamba hatujafanya lolote. Nilimweleza papa kwamba ndivyo ilivyo: hofu tunayoifuta haifutiki kama chaki, tunaifunika kwa somo jipya, na muda ukipita kimya, la zamani huchungulia. "Alors tunafunika tena," alisema, akarudisha tabaka moja. Baada ya siku mbili tu tulikuwa pale tulipoachia. Mara ya pili njia huwa fupi.

Ramadhani iliingia kiatu kikiwa kimebaki na tabaka mbili. Nyumbani mwetu kiumbe kimoja tu kilikuwa kinakula mchana, na kilikula kwa heshima zote. Papa, mwenye swaumu, alihesabu ndakala kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marafiki. Lakini alikuwa anatembea. Mazoezi ya paka yalikuwa yamekuwa mazoezi ya goti: kutoka kiti hadi cherehani, kutoka cherehani hadi kizingiti, fimbo chini, samaki chini, hatua. Tabaka la mwisho lilipotoka, chuma kikalia kwenye saruji ya baraza, ko, na paka akaja mbio. Papa alitazama dari ili nisimwone uso.

Siku chache baadaye, ilipokuwa imebaki wiki moja na kitu kufika Idi, papa alikwenda na fimbo yake hadi jiko la nje kutazama kama mkaa umewaka kwa ajili ya futari. Paka alimfuata, mkia juu. Papa alikanyaga ndani. Ko.

Paka hakugeuka hata kutazama. Aliruka ukuta.

Papa alisimama katikati ya jiko akiwa ameishika fimbo kama kitu alichookota njiani. "Swali la mutihani, mwalimu," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Barazani inakuja. Hapa inakimbia. Fimbo ni ile ile. Mimi ni ule ule. Sababu?"

Jibu la darasani nilikuwa nalo: mnyama hujifunza kutoogopa mahali alipofundishwa kutoogopa; pale alipoumizwa, hofu hubaki na nyumba yake. Kwa hiyo aliumizwa hapa, jikoni. Si kwa jirani. Hapa. Nikamwomba papa anipe fimbo niitundike, naye akanipa, na mkono wangu ukaishika chini kidogo ya katikati, mahali ambapo mtu anayeitegemea fimbo hashiki kamwe. Ulikwenda pale wenyewe. Ndipo kapu likanirudia akilini.

Wakati wa matanga, kapu kubwa la samaki wa chumvi liliwekwa kwenye kona ya jiko hili hili. Shangazi zangu walikuwa wanapika wali wa watu mia, mimi nikajitokeza kusaidia, wakaucheka mwiko niliokuwa nimeushika. "Huyu anajua vitabu," alisema mmoja wao. "Mumupe fimbo alinde samaki, hataunguza kitu." Fimbo ya marehemu ilikuwa imeegemezwa mlangoni, hakuna aliyekuwa anaihitaji tena. Nikakaa kwenye kigoda, siku tatu, nikigonga sakafu kila paka aliposogea. Nilikumbuka kugonga. Nilichokuwa nimekisahau, au nilichokuwa nimekificha vizuri hata mimi nisikione, ni alasiri ya siku ya tatu. Nilikuwa sijalala, nilikuwa nimechoka kuambiwa pole, na paka akaingia tena kichwa ndani ya kapu. Nilimpiga. Si mara moja. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba paka hapigwi, kwamba yeye ni wa nyumba.

"Papa," nikasema. "Ilikuwa mimi. Kwa matanga."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa pale kwa mukeka. Nikasema, bon, leo samaki itapona."

"Na wiki zote hizi haukusema kitu?"

"Ulikuwa unafundisha. Mwalimu hakatizwe." Akakaa kwenye kigoda kile kile, akanyoosha goti lake. "Ulikuwa unalia na unapiga, unapiga na unalia. Hiyo nilisamehe siku ile. Lakini jirani, hiyo hapana. Yule mama anatuletea samaki bure siku tukigonjwa. Nenda umuombe musamaha kabla mwezi haujaisha. Kisha urudi, tushone kiatu tena."

Nilikwenda jioni ile, na sahani ya futari mikononi. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akaipokea sahani, akaifunua, akanusa.

"Ni nani amepika?"

"Mimi."

"Ah. Donc hiyo ndiyo adhabu yangu," alisema, na tukacheka wote wawili mpaka paka wake watatu wakatoka kutazama.

Kiatu kilivishwa upya, tabaka zote saba, na kazi ikaanza jikoni. Siku mbili za kwanza paka hakuvuka mlango, hata kwa ndakala. Papa ndiye aliyefikiria mkasi. Aliuleta, akaulaza juu ya ubao wa kukatia sombe, majani ya muhogo, chak, mlio ambao tangu swaumu ianze ulikuwa haujasikika, kwa kuwa hapakuwa na chakula cha adhuhuri. Paka alisimama kwenye kizingiti. Chak. Aliingia, tumbo karibu na sakafu, akakuta kichwa cha samaki. Mlio mmoja wa zamani ukaushika mwingine mkono, na kuanzia hapo tabaka zilitoka moja kila siku. Safari hii sikuangusha samaki kutoka mbali. Niliketi chini, kwenye kona ya kapu, na kumlisha paka kwa mkono ule ule uliompiga, kwa sababu ilinipasa mimi pia nisiwe kitu cha kuogopwa mahali pale.

Asubuhi ya Idi papa alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe. Aliishika fimbo juu, mahali pake, akashuka barazani. Ko, ko, ko. Paka alimsindikiza hadi langoni, akaruka juu ya ukuta, akaketi. Papa alipumzika mara mbili njiani, mara ya kwanza kwa fundi wa baiskeli, mara ya pili chini ya kibao cha duka la dawa. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, kama alivyoniamuru, ili aonekane anakwenda na kaka yake tu.

Juma lililofuata nilimwandikia mama mkubwa barua, nikaikabidhi kwa mtu wa pikipiki anayepeleka mizigo Ubundu. Kwa simu ningeweza kusema nusu yake tu. Niliandika hivi:

"Mama mkubwa wetu mpendwa, assalamu aleikum. Sisi hatujambo, na goti la papa linakwenda vizuri. Nakuandikia kwanza kukuambia kwamba fimbo inatembea. Ilichelewa msumarini, nayo ilichelewa kwa sababu yangu. Siku za matanga niliitumia kumpiga paka wa nyumba, nikasahau, nikamsingizia mtu mwingine. Paka akaikimbia fimbo, na papa akaiacha fimbo kwa ajili ya paka. Naomba msamaha wako, kwa kuwa kilikuwa kitu cha mume wako, na siku ya arobaini yake ilikuwa bado haijafika.

"Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kikwembe cha bluu. Ni tabaka la mwisho la kiatu ambacho papa aliishonea fimbo. Atakueleza mwenyewe ukija, na ataeleza kwa muda mrefu. Paka haogopi tena barazani wala jikoni. Siwezi kukuahidi kwamba amesahau. Katika kazi yangu hatusemi hivyo. Kwa hiyo kila Ijumaa papa hugonga mara chache jikoni, nami hutoa ndakala, ili somo jipya lisilale.

"Tulikwenda sala ya Idi kwa miguu. Papa aliingia msikitini amesimama wima, akaiegemeza fimbo kwenye nguzo ile ambayo papa mkubwa alipenda kuketi kando yake.

"Utakapokuja kwa hitima ya mwaka, nina ombi moja kwako na kwa shangazi zangu. Nisipewe kulinda samaki. Nipeni mwiko. Nimeanza kujifunza wali, jirani ndiye anayeonja, na anasema wiki hii umepungua kuungua."